MWARIDI WA KUTAMBAA: KATIKA CHUNGU, BARAZANI NA BUSTANINI



Somo la safari hii ni juu ya ua, na tunajua wako watakaouliza: Je, ua linaliwa? Swali ni halali kabisa, hasa mwaka ambao mahindi hayakufanya vizuri. Lakini vikundi kadhaa vya akina mama na vijana vimetujia na habari ile ile. Wamenunua miwaridi ya kutambaa kwa wauzaji wa miche walio kando ya barabara, wakaitia katika vyungu ili waiuze wakati wa harusi na sherehe za shule, na miti imewafia mikononi. Pesa zilizokwenda ni za mzunguko wa chama. Kwa hiyo si mchezo, na inafaa tukae chini tuelezane.

Mti huu ni wa namna gani

Wengine huuita rosi ya kukwea. Jina hilo linadanganya kidogo, kwa sababu mwaridi haukwei wenyewe. Haragwe hujizungusha mtini. Mkarakara una vikono vya kushikia. Mwaridi hauna hata kimoja. Huko porini ulikotoka hurusha matawi marefu juu ya miti mingine na kujining'iniza kwa miiba tu. Ukiuacha peke yake utaanguka ovyo mlangoni na kurarua nguo za watu. Ni lazima ufungwe, na mwenye kufunga ni wewe.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu wengi hawaambiwi na muuzaji. Tawi la mwaridi likisimama wima, jicho la juu kabisa hutoa kichocheo kinachoteremka ndani ya tawi na kuyazuia macho ya chini yasiamke. Ndiyo sababu unaona mti mrefu kama mlingoti, wenye maua mawili huko juu yanayotazamwa na ndege, na chini ni miiba mitupu. Lakini ukililaza tawi hilo, au ukalizungusha kwa mshazari, nguvu ya lile jicho la juu hupungua. Macho yote yaliyo njiani huamka, kila moja hutoa kitawi kifupi, na kila kitawi kifupi hubeba maua. Mti ni ule ule, mbolea ni ile ile, na maua yanaongezeka sana. Ukishika hili moja tu katika somo zima, hukupoteza wakati wako.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Tawi changa la mwaridi, likiwa bado la kijani na laini, hukubali kupinda. Likikauka na kuwa gumu, ukilipinda litavunjika kwa sauti, na hapo umepoteza kazi ya mwaka.

Chungu na udongo

Mwaridi wa kutambaa una mizizi mirefu, na mkebe wa mafuta ya kupikia haumtoshi mkubwa huyu. Chombo kidogo kabisa tunachokubali ni cha lita 20, yaani debe kuukuu au ndoo iliyopasuka mdomo. Chombo cha lita 40 ni bora zaidi. Mkipata nafasi ya kuchagua aina, chagueni inayofika mita mbili au tatu. Ziko aina zinazofika mita sita na zaidi, na hizo hazina maisha ndani ya debe. Kule mji wa Tombstone, jimbo la Arizona, Marekani, kuna mwaridi mmoja uliopandwa mwaka wa 1885 ambao leo umetanda juu ya ua mzima na watu hukaa chini yake kama chini ya mwembe. Huo haukukaa kwenye ndoo!

Toboeni matundu chini, matano au sita, yenye unene wa kidole. Msitoboe moja tu la msumari, kwa maana litaziba. Kisha inueni chungu juu ya mawe matatu ili maji yapite. Udongo uwe sehemu mbili za udongo mzuri wa juu wa shamba, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni. Samadi ikiwa bado ina joto na harufu itaunguza mizizi. Majivu ya jikoni yanafaa lakini konzi moja tu, kwa kuwa mwaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, na majivu huondoa uchachu.

Jambo la afya hapa. Udongo na samadi hubeba vijidudu vya pepopunda, na mwiba ni sindano tayari. Anayefanya kazi hii avae kitu mikononi, hata kama ni soksi nene au kipande cha gunia, na ahakikishe chanjo yake ya pepopunda haijapitwa na wakati. Akina mama wengi huipata wakati wa ujauzito, halafu wanaisahau. Wanaume hawaulizwi kabisa. Ulizeni zahanati.

Ndani ya nyumba

Hapa ndipo miti mingi hufa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mwaridi ni mti wa jua. Unahitaji saa sita za jua lenyewe kila siku, si mwanga wa kupitia dirishani tu. Watu hutuambia, "Lakini sebule yangu ina mwanga, nasoma gazeti bila taa." Jicho la mtu hujirekebisha. Likiingia mahali penye mwanga mdogo hujifungua zaidi, na wewe unaona sawa tu. Jani haliwezi kufanya hivyo. Mwanga unaokutosha kusoma gazeti unaweza kuwa sehemu ndogo sana ya ule unaohitajiwa na mwaridi.

Basi fuateni mti huo uliowekwa sebuleni kwa ajili ya wageni. Wiki ya kwanza unapendeza. Jani huunda chakula cha mti kwa kutumia jua, na sasa jua hakuna, kwa hiyo mti unakula akiba yake. Wiki ya pili na ya tatu majani ya chini yanageuka manjano na kudondoka. Mwenye nyumba anaona manjano, anasema mti una kiu, anamwaga maji. Lakini mti usio na jua hunywa maji kidogo sana, kwa hiyo maji yanabaki. Mizizi inakosa hewa, inaoza. Mizizi iliyooza haiwezi kunywa, kwa hiyo sasa majani yananyauka kweli kama ya mti wenye kiu, ingawa udongo umelowa chapachapa. Naye anaongeza maji. Mti unakufa kwa kuzama, na mwenyewe anaapa kwamba alikuwa akiumwagilia kila siku. Ni kweli alikuwa akiumwagilia!

Ziko sababu nyingine zinazoangusha majani na matumba ndani ya nyumba. Mnajua jinsi ndizi zinavyoivishwa kwa kuzifunika shimoni na kuzitia moshi. Katika moshi ule mna gesi iitwayo ethilini, na ndizi yenyewe ikianza kuiva huitoa pia. Kwa ndizi ni neema. Kwa mwaridi gesi hiyo hiyo ni amri ya kuangusha majani na maua. Kwa hiyo usiweke chungu karibu na jiko la makaa, taa ya koroboi au kikapu cha ndizi mbivu. Na nyumba ya bati wakati wa kiangazi huwa kavu na yenye joto, hali wanayoipenda sana utitiri mwekundu. Ni wadogo mno. Ukigeuza jani utaona vumbi linalotembea na utando kama wa buibui.

Je, hatuwezi kabisa kuwa na mwaridi ndani? Tunaweza, kama mgeni. Uingie siku ya sherehe, ukae siku mbili au tatu, utoke. Makao yake ni barazani upande wa jua la asubuhi. Mti uliokaa gizani muda mrefu usiutupe kwenye jua kali siku moja, maana majani yataungua. Uanze kivulini, kisha jua la asubuhi saa moja, kesho yake saa mbili, hivyo hivyo kwa muda wa siku saba hadi kumi.

Mkiuza, mwelezeni mnunuzi maneno haya. Mteja ambaye mti wake umekufa sebuleni hatarudi, na atawaambia wenzake kwamba miche ya kikundi chenu ni mibovu.

Maji, na nani atayabeba

Kipimo cha maji ni kidole, hakuna kipimo kingine. Ingiza kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Kama ni kukavu, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini. Kama kuna unyevu, achana nao. Mwagilia asubuhi, na maji yaende kwenye udongo, si juu ya majani, kwa sababu jani linalolala limelowa huota magonjwa. Sahani iliyo chini ya chungu imwagwe, maana ni kitanda cha mbu.

Wakati wa jua kali chungu cha lita 20 kinaweza kunywa lita moja hadi mbili kwa siku. Fanyeni hesabu wenyewe. Vyungu kumi ni kama jerikeni moja ya lita 20 kila siku. Vyungu hamsini ni jerikeni tano. Sasa kisima kiko wapi, na mgongo utakaobeba jerikeni hizo ni wa nani? Tumeona vikundi ambavyo wazee hupitisha azimio zuri mkutanoni, halafu kazi inawaangukia mabinti wawili wanaotoka shuleni wamechoka. Kwa maoni yetu, kikundi ambacho maji yake yako mbali ya nusu saa kisianze na zaidi ya vyungu vitano, na hata hivyo kitumie maji yaliyooshea mboga au kuogea. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo yasiguse mti. Wiki moja kati ya wiki tatu au nne mwageni maji safi mengi zaidi ili chumvi iliyojikusanya ipite.

Kwa chakula, jazeni samadi katika gunia, litumbukizeni ndani ya pipa la maji kwa wiki mbili, kisha punguzeni maji yake kwa maji mengine mpaka yafanane na chai ya rangi iliyo nyepesi. Kikombe kikubwa kwa kila chungu, kila baada ya wiki mbili, mti ukiwa unachipua na kutoa maua. Usilishe mti wenye kiu. Mwagilia kwanza.

Kuufunga

Chukueni fito tatu za urefu wa mita mbili, zichomekeni ndani ya chungu pembeni, zifungeni pamoja kule juu. Zungusheni matawi machanga kwenye fito hizo kama nyoka anavyopanda mti, yaani kwa mshazari, si kuyanyoosha juu. Mmekumbuka ile habari ya jicho la juu? Kufungia tumieni vipande vya kanga kuukuu au soksi ndefu za kike, kwa mfungo wa namba nane, nusu moja ikumbatie ufito na nusu nyingine tawi, pawe na nafasi ya tawi kunenepa. Waya hukata gome. Tumeona mti mzuri ukinyongwa na waya wa umeme uliofungwa kwa nia njema.

Bustanini

Baada ya mwaka mmoja au miwili mti utataka nafasi. Ama uuhamishie chombo kikubwa zaidi chenye udongo mpya, ama uupande ardhini, na ardhini ndiko kuna maisha marefu. Pandeni mwanzoni mwa mvua, za masika ama za vuli. Shimo liwe futi mbili kwa futi mbili, na kina futi mbili. Udongo wa juu wekeni upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanyeni ule wa juu na karai mbili za samadi, urudi kwanza.

Watu hupanda wakigusanisha mti na ukuta. Hapo ni pakavu, kwa kuwa mapaa huzuia mvua, na saruji iliyomwagika wakati wa kujenga huharibu udongo. Sogeeni nusu mita, kisha inamisheni matawi kuelekea ukutani. Kazeni nyaya tatu au nne kwa ulalo, kila moja ikiwa futi moja na nusu juu ya nyingine, halafu tandazeni matawi juu ya nyaya kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Weka matandazo ya nyasi kavu, yasiguse shina. Na zungushieni ua wa miiba, maana mbuzi hupenda mwaridi kuliko bwana harusi anavyoupenda, na miiba yake haimtishi hata kidogo.

Miti mingi inayouzwa imebebeshwa, yaani aina ya maua imeunganishwa kwenye shina la mwaridi mwingine wenye mizizi imara. Mtaona nundu karibu na udongo. Nundu hiyo ibaki juu ya udongo. Chipukizi lolote linalotoka chini yake ni la yule mwingine, litamnyonya mwenzake mpaka siku moja mnaona maua ya namna ambayo hamkununua. Fukueni udongo kidogo mling'oe kwa mkono pale lilipoanzia. Mkilikata tu litarudi na ndugu zake.

Kupogoa

Miaka miwili ya kwanza msikate kitu isipokuwa kilichokufa au kilichovunjika. Kuanzia mwaka wa tatu, kila mwaka ondoeni tawi moja kuukuu kabisa tangu chini ili changa lichukue mahali pake, na vile vitawi vifupi vilivyokwisha kutoa maua vifupisheni vibaki na macho mawili au matatu. Sisi hupendelea mwisho wa kiangazi, mvua zikikaribia. Wengi huona huruma kukata tawi zima. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Ua likichakaa, likate kwa kushuka hadi kwenye jani la kwanza lenye vijani vitano. Likiachwa, mti utaanza kufanya mbegu na kusahau kutoa maua mengine. Ziko aina chache ambazo hutoa maua mara moja tu kwa mwaka. Hizo hata ukikata hazirudii, kwa hiyo ulizeni kabla ya kununua.

Wadudu na magonjwa

Vidukari hukaa kwenye matumba. Waponde kwa vidole au waoshe kwa maji ya nguvu. Utitiri mwekundu huchukia unyevu, basi asubuhi yenye jua osheni majani upande wa chini siku kadhaa mfululizo, ili yakauke kabla ya usiku. Wakizidi, kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, mjaribu kwanza kwenye jani moja na kungoja siku moja. Unga mweupe juu ya majani machanga ni ubwiri. Huja hasa miezi ya baridi, Juni na Julai, katika sehemu za juu kama Limuru na Molo, na pahali matawi yamesongamana bila hewa. Yapunguzeni. Ziko nyumba zinazonyunyizia maziwa, kipimo kimoja kwa tisa vya maji, na husaidia, ila maziwa ya mtoto yasigeuzwe dawa ya maua. Madoa meusi yenye ukingo wa manjano huenezwa na matone ya maji. Okoteni majani yaliyoanguka, myachome.

Dawa za dukani zisipulizwe ndani ya nyumba wala barazani watu wanapokula. Zisiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Na maua yaliyopuliziwa dawa yasitiwe katika chai, wala kutengenezewa maji ya waridi kama wafanyavyo ndugu zetu wa pwani.

Kuzidisha miche

Kata kijiti chenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 15 hadi 20, kutoka tawi lililomaliza kutoa maua karibuni. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu. Chini kata sawa, karibu kabisa na jicho. Juu kata kwa mshazari, ili mtu asikipande kichwa chini, jambo linalotokea zaidi ya mnavyofikiri. Kizamishe nusu katika mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, kivulini, na ukifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Mizizi huja kwa wiki nne hadi nane. Msikivute kutazama.

Si vyote vitashika. Tuseme mmechomeka 100 na vikashika 50. Bei ya mche mmoja lazima ilipie na ule mwenzake uliokufa, pamoja na chombo, samadi, na saa za yule aliyebeba maji. Kikundi kisichohesabu saa za wanachama wake kitadhani kina faida.

Tahadhari moja ya sheria. Vijana wanaofanya kazi katika mashamba ya maua ya Naivasha huweza kuleta vijiti nyumbani. Maua yale yamefugwa kwa ajili ya shina refu na hema la plastiki, hayatambai, na aina nyingi zina mwenyewe. Kenya iliingia mwaka wa 1999 katika mapatano ya kimataifa ya kulinda haki za wavumbuzi wa aina mpya za mimea. Kuzizidisha na kuziuza bila ruhusa kunaweza kukifikisha kikundi mahakamani, na kijana kukosa kazi. Aina za zamani hazina shida hiyo. Ule wa kutambaa uitwao New Dawn, wenye maua ya waridi hafifu, ulikuwa mmea wa kwanza kabisa kupewa hataza nchini Marekani, mwaka wa 1931, na hataza hiyo ilikwisha zamani. Kabla ya kufungua kitalu cha kuuza, mwoneni afisa wa kilimo juu ya usajili.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Maji yetu yako umbali gani, na wiki iliyopita ni nani hasa aliyeyabeba? Wenye kujibu wawe wale wanaobeba.

2. Katika vyungu tulivyonavyo, vingapi vinapata jua saa sita? Msikisie. Mtu mmoja aandike saa jua linapofika na saa linapoondoka.

3. Nani atanunua miche yetu, na katika miezi ipi?

Katibu aandike majibu. Kwa mkutano ujao kila mwanachama aje na chombo cha lita 20 na msumari mnene, tutoboe matundu pamoja.